Bomba Lililofukiwa na Ardhi Inayotembea

(Hotuba kwa wana-Nkoma katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama)



Kamati iliniomba nizungumze kwa muda mfupi kabla ya kuanza kupokea ahadi, na ikanipa sharti moja, kwamba nisisome mahesabu, kwa kuwa taarifa ya mapato na matumizi kila mmoja anayo mkononi. Nimelikubali sharti hilo kwa shida, maana mimi ni mhasibu. Kazi yangu ni kuhesabu mali za watu na kuuliza kila mwaka maswali matatu: mali hii bado ipo? Iko katika hali gani? Ikiharibika, nani atalipa? Jengo unaliona na gari unalipiga picha. Mali inayotusumbua kuliko zote sisi wakaguzi ni ile iliyofukiwa ardhini. Bomba likishafukiwa, watu wanapanda mahindi juu yake, na baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka limepita wapi.

Leo nataka tuzungumze juu ya mabomba ya gesi na maporomoko ya ardhi. Najua mzee mmoja hapo mbele ameshaanza kujiuliza: Nkoma kuna gesi gani? Mzee wangu, nivumilie kidogo. Gesi ya Mtwara na Songo Songo ndiyo kwa miaka mingi imewasha sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya Taifa, na nguzo za gridi hiyo zimefika mpaka huku kwetu. Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: ardhi ikisogea haiulizi bomba limebeba gesi, mafuta au maji. Waliojifunza kulinda mabomba ya gesi wamejifunza kwa gharama kubwa sana, na sisi tunaweza kuchukua somo hilo bure tukalitumia kwenye bomba letu la maji.

Mali yetu ya Taifa iliyo chini ya ardhi

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ilichukua miaka thelathini hadi gesi ya Songo Songo ilipofika Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004, kwa bomba linalotoka kisiwani, likapita chini ya bahari mpaka Somanga Fungu, kisha likasafiri nchi kavu kilomita zaidi ya 200. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba la pili, kubwa zaidi, kutoka Madimba mkoani Mtwara hadi Kinyerezi. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kipenyo cha inchi 36, yaani karibu sentimita 91. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kutambaa ndani yake bila kugusa juu. Liligharimu dola za Marekani zaidi ya bilioni moja, nyingi zikiwa za mkopo kutoka China. Mkopo huo tunaulipa sote, na anayenunua kiberiti hapa gulioni anauchangia.

Kuna mengine. Bomba la TAZAMA lilijengwa mwaka 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, likipanda na kushuka milima ya nyanda za juu kusini. Na sasa kuna Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Hilo linapita mikoa minane ya nchi yetu, na mmojawapo ni Shinyanga, ambao wengi wetu hapa tulizaliwa tukiwa raia wake kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012.

Kwa hiyo, Tanzania ina maelfu ya kilomita za mabomba ya chuma yaliyofukiwa. Yote yanategemea jambo moja ambalo haliandikwi kwenye mkataba wowote: kwamba udongo utakaa mahali pake.

Udongo haukai mahali pake siku zote

Tarehe 3 Desemba 2023 sote tulisikia habari za Hanang. Mvua kubwa ilinyesha, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ikanywa maji mpaka ikashindwa kujibeba, ikaporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Ndugu zetu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba zilizokuwa zimesimama miaka mingi zilisombwa kwa muda mfupi.

Mwaka uliofuata, Aprili, Rufiji ilifurika. Mwanzoni mwa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika katika maeneo ya Somanga. Madaraja na makalavati yalibebwa na maji, abiria na malori wakakwama siku kadhaa. Kumbukeni jina hilo la Somanga. Ni ukanda ule ule ambao gesi ya Songo Songo inatokea baharini na kuanza safari yake ya nchi kavu. Mahali ambapo maji yana nguvu ya kung'oa barabara ya lami, mwenye bomba chini ya ardhi hawezi kulala usingizi mzito.

Bomba linaumiaje?

Sasa niwaeleze kwa lugha yetu namna ardhi inavyoliumiza bomba. Wahandisi waliopo wataniwia radhi nikirahisisha.

Bomba la gesi linatengenezwa kwa vipande vya chuma vya mita kumi na kidogo, vinavyounganishwa kwa kulehemu. Kazi yake kubwa ni kuzuia msukumo wa gesi iliyo ndani, ambao unataka kulipasua kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo kupita kiasi. Kwa msukumo huo bomba limeandaliwa vizuri. Unene wa chuma umepigiwa mahesabu, na kabla ya kuanza kazi linajazwa maji kwa presha kubwa ili kulipima. Lakini ardhi ikisogea, hailisukumi bomba kutoka ndani. Inalivuta kwa urefu, inalikunja, au inalifinya kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine. Hayo ni mateso ya aina nyingine, na hapo ndipo viungo vya kulehemu hupata mtihani wao.

Chukueni bomba linaloshuka mlima moja kwa moja, kama kamba iliyolazwa kutoka kileleni hadi bondeni. Udongo ukianza kuteremka, unalishika bomba na kutaka kwenda nalo. Kule juu bomba linavutwa, na likizidiwa linakatika, mara nyingi kwenye kiungo. Kule chini linasukumwa likutane na ardhi iliyotulia, nalo linajikunja na kufanya makunyanzi kama bua la mtama lililobanwa kwa ncha zote mbili.

Chukueni sasa bomba linalokatiza ubavu wa mlima. Udongo ukiteremka unalisukuma kwa pembeni, nalo linapinda kama upinde. Mahali pabaya zaidi ni kwenye mipaka, pale udongo unaotembea unapokutana na udongo uliotulia. Hapo bomba linashikwa na mikono miwili, mmoja unavuta, mwingine umekataa kuachia.

Kina nacho kina maneno yake. Kwa kawaida bomba hufukiwa mita moja au zaidi kidogo. Kama kinachoporomoka ni tabaka la juu tu, udongo unaweza kupita juu ya bomba na kuliacha uchi, hatari yake ikiwa kugongwa na mawe na magogo. Lakini kama udongo unateleza kwenye tabaka lililo chini zaidi ya bomba, basi bomba limo ndani ya mzigo unaosafiri, na litakwenda nao.

Yapo pia maporomoko yasiyopiga kelele. Mlima unaweza kusogea milimita chache tu kwa mwaka. Ng'ombe wanalisha juu yake na watu wanalima. Lakini bomba halisahau. Kila mwaka linaongezewa mvuto kidogo juu ya ule wa mwaka jana, kama deni ambalo halilipwi na riba inaingia kwenye mtaji. Siku likikatika watu husema limekatika ghafla. Mhasibu angesema deni limefikia tarehe yake.

Mwisho, maji. Karibu kila habari ya maporomoko ina maji ndani yake. Maji yanauongezea udongo uzito, halafu yanapunguza mshikamano wa chembe zake. Mtoni yanakula ukingo na kuliacha bomba likining'inia hewani bila kuegemea kitu. Na bomba la gesi lina udhaifu wake wa pekee: ni kubwa lakini ndani yake hakuna uzito wa maana, kwa hiyo udongo ukijaa maji linaweza kutaka kuelea. Ndiyo sababu kwenye mito na mabwawa mabomba ya gesi huvishwa zege zito, au hupitishwa ndani sana chini ya mto.

Waliolipa karo ya somo hili

Nchini Ecuador, Machi 1987, matetemeko ya ardhi yalikuja baada ya mvua nyingi, karibu na volkano ya Reventador. Milima ikaporomoka, na makumi ya kilomita za bomba kuu la mafuta zikaharibiwa. Nchi ile ilikuwa inategemea mafuta kwa zaidi ya nusu ya mapato yake ya nje, ikakaa miezi bila kuuza. Bajeti ya Taifa zima ilikuwa imepitishwa kwenye njia moja ya bomba.

Nchini China, wilaya ya Qinglong, mkoa wa Guizhou, Julai 2017, mvua kubwa iliteremsha udongo ukavunja bomba la gesi. Gesi ililipuka na watu 8 wakafariki. Mwaka mmoja haujatimia, Juni 2018, bomba hilo hilo likalipuka tena katika wilaya ile ile, na uchunguzi ukaonyesha kuwa kilichokatika ni kiungo cha kulehemu. Somo hapo ni kwamba ardhi hutafuta mahali palipo dhaifu. Kazi iliyofanywa kwa haraka siku ya ujenzi inasubiri siku ya mvua ili ijulikane.

Nchini Marekani, jimbo la Pennsylvania, Septemba 2018, bomba jipya la gesi lilikuwa limeanza kazi kwa muda wa wiki moja tu. Mvua ikanyesha, mteremko ukaporomoka, bomba likakatika na gesi ikawaka. Nyumba iliteketea na nguzo kubwa za umeme zikaanguka. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa. Mwaka 2020 mamlaka za mazingira za jimbo zikaitoza kampuni husika zaidi ya dola milioni 30. Wahasibu tunaujua mfano huo vizuri. Gharama ya kuimarisha mteremko ule isingefika hata karibu na fedha hizo.

Narudi Ecuador, maana mwaka 2020 walipata jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwezi Februari maporomoko makubwa ya maji ya mto Coca yalitoweka kwa sababu mwamba uliokuwa unayabeba ulitoboka. Mto ukakosa kizingiti chake, ukaanza kuchimba kitanda chake kurudi nyuma, kuelekea juu, ukila kingo zake siku hadi siku. Tarehe 7 Aprili ukafika kwenye mabomba ya mafuta na kuyakata. Mafuta yakaingia mtoni, na watu wa vijiji vya chini wakakosa maji ya kunywa na samaki.

Korongo linalorudi nyuma, kuelekea juu, siku hadi siku. Hiyo nayo tunahitaji kwenda Ecuador kuiona?

Nkoma hakuna mlima wa kuporomoka

Mtu anaweza kusema, mwanangu, hayo ni ya watu wa milimani, sisi nchi yetu ni tambarare. Ni kweli hatuna Hanang. Tunayo makorongo.

Wazee wetu waliijua ardhi hii na kuipa majina kabla ya mtaalamu yeyote kufika na mashine. Kuna luseni, udongo wa kichanga wa miinukoni, ambao maji yanausomba kirahisi. Kuna ibambasi, ule mgumu ambao maji hayazami, yanakimbia juu yake. Na kuna mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Huu wa mbuga ni mtihani wa peke yake. Masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kunasa. Bomba lililolala ndani yake linainuliwa na kushushwa kila mwaka, bila mlima wowote kuhusika. Viungo vinalegea kidogo kidogo. Ni yale yale ya mlima unaosogea milimita.

Hali kadhalika kwenye korongo. Ukingo wa korongo ni mlima mdogo. Maji yanakula chini, juu kunabaki kama paa la nyumba lisilo na nguzo, siku ya mvua unaanguka wote pamoja na kilichomo. Tofauti na Guizhou ni kwamba bomba letu ni la plastiki na limebeba maji, kwa hiyo halilipuki. Lakini nalo lina ubaya wake. Bomba la maji likianza kuvuja ndani ya ukingo, linaulowesha udongo unaolibeba. Udongo ukilowa unateleza, bomba linavutika zaidi, linavuja zaidi. Linajichimbia kaburi lenyewe.

Ninyi mnaoishi hapa mnakijua kivuko ninachokisema, pale bomba letu linapokatiza korongo kuelekea zahanati. Mwaka bomba lile lilipozikwa, ukingo ulikuwa mbali. Leo ukisimama juu ya mstari wa bomba unauona ukingo bila kunyoosha shingo. Kamati ya maji imeweka mambo ya kigingi, na kila masika kigingi kinahamishwa nyuma. Zahanati ile ndiyo wanayojifungulia mama zetu, dada zetu na wake zetu. Mkunga hawezi kufanya kazi yake kwa maji ya kubeba kwa ndoo kutoka kwenye dimbwi wanakonywea ng'ombe.

Mahesabu kidogo, Mwenyekiti uniruhusu

Nimejizuia mpaka hapa. Naomba dakika tatu za kuhesabu. Nasisitiza kuwa tarakimu hizi ni za mfano, za kutuonyesha njia ya kufikiri. Makadirio halisi yataletwa na fundi wa wilaya baada ya kupima.

Tuseme bomba likikatika, kulirudisha ni shilingi milioni 4 na inachukua siku 20. Tuseme kaya 300 zinalitegemea, na katika siku hizo kila kaya inanunua ndoo 3 kwa siku kwa shilingi 500 kila moja. Hiyo ni shilingi 450,000 kwa siku, milioni 9 kwa siku 20. Jumla hasara ya mkatiko mmoja ni milioni 13. Angalieni kwamba sehemu kubwa ya hasara haipo kwenye kitabu cha chama wala cha kamati ya maji. Imelipwa na mama mwenye ndoo, shilingi mia tano mia tano, na hakuna mkaguzi aliyeiona.

Tuseme uwezekano wa kukatika ni mara moja katika miaka mitano. Kwa miaka 10 tutegemee mikatiko miwili, hasara ya milioni 26.

Sasa tuseme kukiimarisha kivuko ni milioni 6, na matunzo ni shilingi 300,000 kila mwaka, milioni 3 kwa miaka 10. Jumla milioni 9. Hata baada ya kuimarisha, hatari haiishi. Tuseme inashuka ikawa mara moja katika miaka ishirini. Kwa miaka 10 hiyo ni sawa na nusu ya mkatiko, milioni 6 na nusu. Ukijumlisha zote unapata milioni 15 na nusu, dhidi ya milioni 26. Tumeokoa milioni 10 na nusu, na katika hesabu hiyo sijaweka thamani ya mgonjwa hata mmoja.

Kinga ya namna hii ina tabu moja ambayo lazima niiseme mbele ya wachangiaji. Ikifanya kazi vizuri, hakuna kinachoonekana. Ukijenga darasa unakata utepe na jina la mfadhili linaandikwa ukutani. Ukizuia ukingo usianguke, jambo lililotokea ni kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana mabomba duniani kote hupata fedha za ujenzi kirahisi na fedha za matunzo kwa kuomboleza.

Wenye mabomba ya gesi wanafanya nini

Kwanza, wanachagua njia. Afadhali bomba lizunguke kilomita tano za ziada kuliko kupita kwenye mteremko wenye historia ya kuporomoka. Na historia hiyo huwa inajulikana na wazee wa mahali hapo, kama wakiulizwa.

Pili, wanayaongoza maji. Mitaro juu ya mteremko, makinga maji, na njia za kutoa maji yaliyozama ardhini. Fedha nyingi za kuzuia maporomoko ni fedha za kuyapa maji njia nyingine ya kupita.

Tatu, wanaushika udongo. Mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, kuta za chini, na majani yenye mizizi mingi. Juu ya bomba lenyewe hupandwa majani, si miti, kwa sababu mizizi mikubwa huliumiza.

Nne, wanalitazama. Mkuza wa bomba una alama na watu wanaoutembelea. Kuna vifaa vinavyopita ndani ya bomba na kupima kama limepinda, na siku hizi kuna setilaiti zinazoweza kuona ardhi iliyosogea milimita kadhaa. Wakiona bomba limevutika, hulifukua, wakaliachia lipumue, kisha hulizika upya.

Tano, wanaweka vali, ili panapokatika pafungwe haraka na sehemu nyingine ziendelee.

Ukiondoa setilaiti na vile vifaa vya ndani, hakuna katika orodha hiyo kitu ambacho Nkoma haiwezi. Kushika udongo kwa majani ndiko hasa kulikokuwa ujuzi wetu. Ngitili ni jina la Kisukuma, na ni jambo la Kisukuma: eneo linalofungwa ili majani yapumzike na kuota. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati sisi tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga, ulifanikiwa kwa sababu uliacha kutufundisha kitu kigeni ukarudi kwenye ngitili. Tukifunga ngitili ndogo juu ya korongo lile, ng'ombe wakapewa njia nyingine ya kwenda majini, nusu ya kazi imekwisha kabla ya jiwe la kwanza kupangwa.

Tunachoombwa leo

Ndugu zangu, mahitaji ya mwaka huu yameorodheshwa katika kijitabu hiki, na yote ni ya haki. Mimi nimesimama kwa ajili ya lile ambalo halina picha nzuri: kivuko cha bomba.

Kwa tulioko mijini, tunaombwa fedha za waya, saruji, usafiri wa mawe, vali mbili, na gharama za fundi wa kupima. Kwa ndugu zetu mlioko hapa, mnaombwa nguvu kazi: kukusanya mawe, kuchimba makinga maji, kupanda majani, na lililo gumu kuliko yote, kukubaliana juu ya njia ya mifugo. Wenye mashamba yanayopakana na korongo mnaombwa msilime mpaka ukingoni. Najua mita hizo chache ni chakula cha watoto. Ndiyo maana napendekeza mkutano uamue leo, hadharani, wenye mashamba hayo wafidiwe kwa namna gani, kuliko kuwaachia mzigo wa kijiji kizima.

Naomba pia mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni ramani. Wazee waliokuwepo siku bomba linazikwa wangali hai. Tutembee nao, tuweke nguzo za alama, tuchore, na nakala zikae ofisi ya kijiji, kwenye jumuiya ya watumia maji na kwa RUWASA wilayani Itilima. La pili ni daftari. Vijana wawili waende kwenye kivuko kila baada ya mvua kubwa, wapime kutoka kwenye kigingi hadi ukingoni, waandike tarehe na hatua. Daftari la shilingi elfu mbili ndiyo setilaiti yetu.

Hili halitaishia kwenye bomba letu dogo. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani kwetu, ambao Serikali inautekeleza kwa msaada wa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na wa Ujerumani, utalaza mabomba mengi katika mbuga hizi hizi na kuvuka makorongo haya haya. Wahandisi wake watakuja na vipimo vyao. Itapendeza wakifika Nkoma wakute watu wenye ramani na daftari la miaka mitatu, wanaoweza kusema: hapa pitisheni, pale msipitishe, maana masika iliyopita ukingo ulirudi hatua nne.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa ahadi zitapokelewa kwenye meza ile ya kushoto, na kila anayetoa atapewa stakabadhi. Msiondoke bila stakabadhi, hata kama anayepokea ni mjomba wako. Fungu la kivuko lina kitabu chake peke yake, na taarifa yake itasomwa hapa hapa mwakani, pamoja na vipimo vya daftari. Mimi naanza kwa kulipia waya wote wa nyavu, na ninawaomba wenzangu wa Dar es Salaam tugawane vali na saruji kabla chakula hakijaiva.